Betri Nne za Sadaka na Waya Wangu Mmoja

Nilianza kazi Jumamosi, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mwaka niliokuwa kidato cha pili. Saa naijua kwa sababu ndilo jambo la kwanza nililoandika kwenye daftari la kazi, na nililiandika kwa kuwa sikujua niandike nini kingine. Nimestaafu Ijumaa iliyopita. Nina miaka kumi na saba. Wengine wakistaafu hupewa saa ya ukutani. Mimi nimepewa barua ya kwenda kidato cha tano, shule ya bweni huko bara, pamoja na orodha ya vitu vya kubeba, ndoo mbili zikiwemo.

Haya nakuandikia wewe Zuhura, binamu yangu, maana kuanzia Jumamosi ijayo kigoda changu ni chako. Sitaeleza nilivyopanda cheo, kwa sababu sikupanda. Nilianza kwa kushika taa na nimemaliza kwa kushika mita, na katikati hapo nimeshika magadi mengi.

Karakana ya Mjomba Hoza unaijua: mabati sita hapo Usagara, na kibao cha FUNDI UMEME WA MAGARI ambacho herufi zake za mwisho zimebanana kwa sababu aliyeandika aliishiwa ubao. Usichojua ni kwamba mama hakunipeleka pale kwa sababu nilipenda magari. Alinipeleka kwa sababu nilikuwa siongei. Mgeni akija nyumbani nilikuwa najificha jikoni mpaka aondoke, na wageni wetu unawajua, hawaondoki. Mama akaona kazi ya watu wengi itanifungua mdomo. Basi akanikabidhi kwa kaka yake, mtu ambaye kwa siku husema maneno kumi, saba kati ya hayo akiliambia gari.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Unaiogopa asidi?"

Nikatikisa kichwa kusema hapana.

"Iogope."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya usalama kazini. Akanipa brashi ya waya, kopo la maji ya moto yaliyotiwa magadi, na betri iliyoota ukoko wa kijani na mweupe pale nyaya zinapofungwa. Nikamwagia, ikatoa povu na kufoka kama mtu aliyetukanwa, nikaruka nyuma. Mjomba hakucheka. Alingoja nirudi mwenyewe, kisha akasema, "Sasa sugua."

Jifunze hilo kwanza, Zuhura. Huku pwani hewa ina chumvi, na chumvi inakula chuma usiku na mchana bila kuomba ruhusa. Katika magari yaliyofika kwetu "yamekufa", karibu nusu yalifufuka kwa brashi na maji ya magadi. Wenye magari huwa hawafurahi. Mtu amelisukuma gari lake kutoka Chumbageni, njia nzima anawaambia wanaomsaidia kwamba alternata, ile inayochaji betri, imeungua, halafu unampa jibu la brashi na magadi. Anaona umemvunjia heshima. Wengine walilazimisha tuifungue alternata hivyo hivyo, ili wakirudi mtaani wawe na la kusimulia.

Wiki ya pili Mjomba alinipa mita. Ile ya njano, yenye kioo kilichopasuka, ambayo wewe ulidhani ni ya kuchajia simu. Akanionyesha mara moja tu. Gari likiwa limezimwa tangu jana, pima betri: ikisoma volti kumi na mbili na nukta sita, imeshiba. Washa gari, pima tena: ikisoma kumi na nne au karibu na hapo, alternata inafanya kazi, iache na maisha yake. Mtu anapopiga starta, tazama inashuka mpaka wapi: ikianguka chini ya kumi, ama betri imechoka, ama starta inakula kupita kiasi. Na gari likigonga "ka!" halafu likanyamaza, wakati betri imeshiba, fuata nyaya.

"Na ukipima, andika," akasema. Nilihesabu maneno yake siku ile. Yalikuwa mengi kuliko ya mwezi mzima uliofuata.

Basi nikaandika kila kitu: gari, saa, alichosema mwenyewe, ilichosema mita. Muda si muda nikagundua kwamba hivyo viwili vya mwisho hupatana mara chache sana. Mzee mmoja wa Muheza, mfanyabiashara wa machungwa, alikuja na pikapu isiyowaka injini ikiwa ya moto. Asubuhi inawaka vizuri. Akishafika Tanga na mzigo, akizima, haiwaki mpaka ipoe. Alikuwa ameshabadilisha starta mara mbili. Akasema gari limetupiwa jicho na jirani yake, naye pia muuza machungwa.

Mjomba akaniambia niweke ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye injini yenyewe, kisha mzee apige starta. Pale mita haitakiwi kusoma kitu. Ilisoma volti tatu. Maana yake umeme ulikuwa unaingia kwenye starta vizuri, lakini wa kurudi ulikuwa hauna njia. Waya wa ethi, ule mnene unaounganisha injini na bodi, ulikuwa umebaki nyuzi chache tu, nyingine zimekuwa unga wa kijani. Ukipata joto unazidi kugoma. Tukaubadilisha, gari likawaka likiwa moto, mzee akapiga starta mara tano kwa furaha.

"Kwa hiyo siyo jirani?" akaniuliza.

Nikamwandikia kwenye kikaratasi: Ni chumvi. Akakisoma, akakikunja, akasema jirani yule ndiye aliyemshawishi aende kuvua samaki Ushongo akalipaki gari ufukweni wiki nzima. Akaondoka na uadui wake salama.

Ndiyo, nilikuwa nawaandikia. Nakuambia kweli kwa kuwa utasikia kwa watu: mwaka mzima wa kwanza niliongea na wateja kwa vikaratasi. Walidhani mimi ni bubu. Mama mmoja aliniletea maandazi kwa kunihurumia na sikuweza kumwambia ukweli, kwanza kwa aibu, pili kwa maandazi.

Sasa nikueleze habari ya Bibi Kijani, maana ndiyo niliyostaafia.

Bibi Kijani ni gari la jeneza la msikiti wa mtaani kwetu: pikapu ya dizeli, kijani, iliyozaliwa kabla ya mama yangu. Dereva wake ni Mzee Kombo, naye alizaliwa kabla ya gari. Magoti yake hayakunjiki vizuri, kwa hiyo akishapanda hashuki. Humo ndimo anamonywea kahawa, humo anavuta tasbihi, humo anasubiri msiba. Ukipita asubuhi unamwamkia kupitia dirishani kama anayekata tiketi.

Gari hilo lilikuwa na ugonjwa wa betri. Lilikuwa haliwaki siku ya siku. Jeneza limeshapakiwa, watu wametulia, Mzee Kombo anageuza ufunguo: "ka!" Basi waliokuja kuzika wanakunja kanzu na kusukuma. Ilifika mahali watu wakazoea, wazee wakawa wanawaambia vijana kwamba kusukuma nako kuna thawabu zake. Dizeli ikishawaka haidai umeme tena, kwa hiyo likishaondoka linafika, na kila mtu anasahau mpaka msiba mwingine.

Na kila betri ilipokufa, alitokea mtu akatoa mpya, sadaka kwa niaba ya mzazi wake aliyetangulia. Betri ikaandikwa jina la marehemu kwa rangi nyeupe, ikasomewa dua, ikafungwa. Baada ya miezi kadhaa ikafa. Akatokea mwingine. Katika miaka yangu mitatu ya kazi ziliingia nne. Sasa betri ya sadaka ina shida yake, Zuhura: hakuna anayetaka kuipima. Ukisema betri hii mbovu, ni kama umesema sadaka ya mama wa mtu imekataliwa. Mara mbili gari lililetwa kwetu, na mara zote mbili kamati ilisema, "Angalieni alternata tu." Mjomba akaangalia alternata tu. Kumi na nne na nukta moja. Akasema, "Nzima," wakaondoka. Hayo ndiyo majibu unayopata ukiuliza swali moja.

Betri ya nne ilikuwa ya Bi Mwanahawa, yule muuza vitumbua, kwa ajili ya marehemu mama yake. Ilipokufa, alikwenda mwenyewe kuiangalia, akainua kiti cha abiria, kwa maana betri ya Bibi Kijani inakaa chini ya kiti hicho. Jina halikuwepo. Akapiga kelele mtaa mzima ukasikia.

"Mama yangu yuko wapi? Niliandika mwenyewe! Hii siyo ile!"

Hapo ndipo kila mtu akajua, bila mtu kupima chochote, kwamba Mzee Kombo alikuwa akitoa betri mpya na kuweka kuukuu. Betri nne! Zitakufaje zote mikononi mwa mtu mmoja? Katibu wa kamati, mtu wa miwani na faili, akatangaza kikao Alhamisi baada ya alasiri, ajenda ya kwanza dereva. Watu waliokunywa kahawa yake miaka yote wakaanza kupita upande wa pili wa barabara.

Alhamisi hiyo asubuhi Mzee Kombo mwenyewe alilileta gari karakana. Lilisukumwa na wapita njia wawili, hakuna hata mmoja wa msikitini. Mjomba alikuwa Pangani kwenye kazi ya lori, angerudi jioni. Nilikuwa peke yangu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mwanangu. Hoza yupo?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi pima wewe. Mimi nataka kujua tu kabla ya alasiri. Wakinitoa, wanitoe. Lakini nikazikwe na gari gani, ikiwa hili watu wanasema nimeliibia?" Akacheka kidogo. Nikamwekea kiti kivulini, akakataa kushuka, akabaki humo humo kama kawaida yake.

Kwanza nikaanza na jina. Nikapangusa juu ya betri kwa maji ya magadi, ikafoka. Asidi ilikuwa imefurika kwa kujazwa maji kupita kiasi. Mtu alikuwa akiijazia kwa kuihurumia. Chini ya ukoko, ukiinamisha kichwa, ulikuwa unaona alama za herufi: M, W, na mkia wa kitu. Rangi imeliwa, lakini brashi ya rangi ilipopita pamebaki mwanga tofauti. Ilikuwa ni ile ile. Mama wa Bi Mwanahawa alikuwepo, ila amefifia.

Kwa hiyo hakuna aliyeiba. Betri zilikufa zenyewe. Kwa nini?

Nikafungua daftari langu. Nilikuwa nimeandika kila siku niliyosikia gari limesukumwa, kwa sababu mtaani kwetu hilo ni habari, na misiba nayo nilikuwa naiandika. Nikasoma kurasa za miaka mitatu nimekaa juu ya kigoda. Nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Wiki yenye misiba mitatu, gari liliwaka lenyewe kila mara. Wiki mbili bila msiba, likasukumwa. Yaani mtaa ukipata balaa, betri inakuwa na afya njema. Tukiwa wazima wote, tumesalimika, Alhamdulillahi, betri inakufa.

Maana yake gari likitembea linachaji vizuri, na likisimama kuna kitu kinaramba umeme kimya kimya.

Nikatoa hasi ya betri, nikaweka mita katikati, kwenye upande wa ampea, kila kitu kimezimwa na ufunguo uko mfukoni mwa mzee. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ilisoma nusu ampea. Kidogo, utasema. Lakini nusu ampea usiku na mchana, siku tano, imekunywa betri nzima. Nikatoa fyuzi ya kwanza: nusu ampea. Ya pili: nusu. Nikazitoa zote. Nusu ile ile.

Kwa hiyo kuna waya ambao haukupita kwenye fyuzi. Nikapiga magoti, nikamulika chini ya kiti. Chanya ya betri ilikuwa na waya mnene unaokwenda kwenye starta na wa pili unaokwenda kwenye fyuzi. Na wa tatu, mwembamba, umefungwa tepu nyekundu nyingi mno, kama bandeji ya kidole kilichokatwa na kisu.

Nikaitambua ile tepu. Ndivyo nilivyokuwa nafunga wiki zangu za mwanzo.

Nikafungua tena daftari, kurasa za mwanzo kabisa. Mwandiko wangu wa kidato cha pili, mkubwa na wa mviringo: "Jumamosi, saa nne na nusu. Gari la jeneza. Kufunga amplifaya ya spika ya matangazo. Moto: betri." Yaani umeme wake ulitoka moja kwa moja kwenye betri.

Sasa nikusimulie siku ile. Kamati ilileta spika ya kutangazia misiba. Mjomba alikuwa chini ya basi. Akaniambia, "Waya wa amplifaya upitishe mpaka kwenye switchi ya ufunguo, weka na fyuzi." Ili ufunguo ukitoka, kila kitu kizimike. Switchi iko upande wa dereva. Na upande wa dereva alikuwa amekaa Mzee Kombo, kichwa kimeegemea dirisha, macho yamefumba. Nilitakiwa kusema maneno matatu tu. Babu, naomba ushuke. Nikasimama na ule waya mkononi labda robo saa. Nilijaribu kukohoa. Mwishowe nikazunguka upande wa abiria, nikaufunga moja kwa moja kwenye betri. Spika ikalia "Aloo, aloo", watu wakafurahi, Mjomba akauliza, "Tayari?" nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Vizuri." Ndiyo sifa ya kwanza kunipa, na sikuweza kuirudisha.

Kwenye amplifaya nako, kile kitufe cha kuzima kiko mwisho wa kitufe cha sauti, lazima ukizungushe mpaka kilie "tiki". Kimeliwa na chumvi, hakilii. Ustadhi anayetangaza hukishusha mpaka sauti iishe, anadhani amezima, anateremka kwenda kuzika. Ile taa yake nyekundu ya kuonyesha imewaka ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kijani chenye nakshi, kuikinga na vumbi. Kila mtu alitenda wema wake. Mimi nikaweka waya.

Zuhura, nitakuambia nilichofikiria, na usimwambie mama. Nilifikiria kuukata. Dakika kumi tu: ukate, uupitishe unakotakiwa, funika mkeka. Nani angejua? Betri ya tano ingeishi miaka. Halafu nikaona ingekuwaje. Alasiri wanamtoa Mzee Kombo. Anakuja dereva mwingine. Na tangu siku hiyo betri haifi tena. Mtaa mzima ungesema, mmeona? Kazi yangu ikiwa nzuri ndiyo ingemfunga kabisa, na kadiri betri ingekaa ndivyo angezidi kuwa mwizi, mpaka Bibi Kijani ampakie yeye mwenyewe, tena liwake mara moja.

Sikuukata. Nikabandika kikaratasi: USIGUSWE. Halafu nikaenda chooni nikakaa.

Kikao kilikuwa kwenye baraza ya nyumba ya katibu. Wazee sita kwenye mkeka, Mzee Kombo kwenye kiti kwa ajili ya magoti, Bi Mwanahawa mlangoni amejifunika kanga mpaka puani, yaani amekuja kivita. Nilikuwa na daftari na mita. Mita sikuihitaji, nilitaka kushika kitu. Niliwaamkia wote kwa pamoja, nadhani hawakusikia.

"Wewe binti wa Hoza, una nini?" katibu akauliza.

Nikampa daftari, limefunuliwa ukurasa wake. Akavaa miwani, akalisogeza, akaliweka mbali, akaligeuza.

"Hii nini hii? 'Gari la je...' Mwandiko gani huu? Soma mwenyewe."

"Asome nani?" mzee mmoja akasema. "Huyu si yule bubu?"

Nikasikia vitumbua vya nani sijui vinakaangwa nyumba ya pili. Mzee Kombo alikuwa ananitazama, siyo kwa kuomba, alikuwa ananitazama tu kama anavyowatazama wanaopita dirishani kwake.

Nikasoma. Nilianza na sauti ya mbu. "Sauti!" akasema Bi Mwanahawa. Nikasoma tena. Nikasoma "Moto: betri", nikaeleza maana yake, nikaeleza nusu ampea, nikaeleza waya ni wangu, tepu ni yangu, na kwamba jina la mama yake Bi Mwanahawa lipo, liliwe na asidi au lisiliwe, aje nimwonyeshe. Nilijua nikinyamaza nitashindwa kuendelea, basi nikaendelea tu, nikafika mpaka kwenye mambo ya ethi ambayo hayakuhusika kabisa.

Bi Mwanahawa ndiye wa kwanza kusema.

"Hebu ngoja. Betri ya mama yangu imekufa kwa sababu watu hawakufa?"

"Ndiyo, Bi."

"Subhanallah." Akashusha kanga. "Mama yangu ndivyo alivyokuwa. Hapumziki mpaka kuwe na shughuli."

Mzee mmoja akaanza kucheka, akajifanya anakohoa. Katibu alikuwa anapindua kurasa za faili lake kama anayetafuta mahali pa kuiweka aibu. "Lakini kwa nini," akaniuliza kwa ukali, "kwa nini hukupitisha huko kwenye switchi kama ulivyoagizwa?"

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa kuliko yote. Ningesema waya ulikuwa mfupi, wangenikubalia.

"Babu alikuwa amekaa pale amelala," nikasema. "Niliona haya kumwamsha."

Wote wakamgeukia Mzee Kombo. Akavuta punje mbili za tasbihi.

"Sikuwa nimelala," akasema. "Nilimwona mtoto anahangaika na waya, kila nikimtazama anarudi nyuma. Nikafumba macho ili asiniogope." Akatafakari. "Robo saa nzima. Shingo iliniuma."

Katibu akafunga faili. Hakumwomba mtu msamaha, wala sikumtegemea. Alisema ajenda ya kwanza imefungwa kwa kukosa mshitakiwa na akauliza kama kuna la pili. La pili lilikuwa mkeka wa msikiti. Bi Mwanahawa, akiwa anatoka, akamwambia Mzee Kombo kwamba kesho atamletea vitumbua vya moto, na kwamba alijua tangu mwanzo. Naye akamwitikia, "Najua ulijua." Hakuna aliyecheka.

Jioni Mjomba alirudi kutoka Pangani, habari imeshamfikia njiani, kwa maana habari hazingoji lori. Alikwenda moja kwa moja kwenye Bibi Kijani, akainua kiti, akamulika, akaitazama tepu yangu nyekundu muda mrefu.

"Na fyuzi hukuweka."

"Sikuweka."

"Lingeungua." Akashusha kiti taratibu. "Mara mbili nimelifungua gari hili. Sikuinua kiti." Nikadhani amemaliza maneno ya siku. "Niliambiwa alternata, nikatazama alternata. Liandike hilo nalo."

Nikaliandika. Limo, ukurasa wa mwisho, na chini yake ametia sahihi kwa mkono wenye grisi.

Kesho yake, Ijumaa, saa moja asubuhi, nilikuwa karakana kabla hakijafunguliwa kitu. Nilikuwa na waya mpya, fyuzi na koleo. Mzee Kombo alikuwa ameshakuja, yuko ndani ya gari, upande wa dereva, kichwa kwenye dirisha, macho yamefumba. Kope zilikuwa zinacheza.

"Babu," nikasema. "Naomba ushuke."

Akafumbua jicho moja. Akafungua mlango, akatoa goti la kwanza, akapumzika, akatoa la pili. Kule kushuka kwake kulichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Nikaupitisha waya.